Dago la Mtu Mmoja

Mzee mmoja niliyemkuta Mafia akipakia ngalawa yake alinifanya niuonee haya mkoba wangu. Alikuwa anakwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, peke yake, upande wa Songosongo, na mali yake yote ilienea katika kikapu cha ukili: unga, chumvi, sufuria lililobonyea, kisu, mishipi na ndoana ndani ya kopo la maziwa. Kando, dumu la maji na upo wa kufulia maji. Basi.

Asiye na kitu hutaka kila alicho nacho kifanye kazi tatu. Tazama tanga. Mchana linamwendesha. Usiku anailaza foromali, mti wa tanga, juu ya makafi yaliyosimikwa mchangani, tanga linakuwa hema. Mvua ikija, analilegeza katikati likusanye maji ya kunywa. Nililishika lile tanga. Lilikuwa viraka vitupu, kimoja cha gunia la unga, kingine cha khanga iliyopauka, maua yake yangali yanaonekana. Lakini mshono! Ncha zimekunjwa ndani, uzi umepakwa nta, sindano imepita mara mbili, na pembeni, kwenye mvuto mkubwa wa upepo, mara tatu. Nilipomsifia alinitazama kama niliyemsifia kwa kujua kula. “Tanga likipasuka njiani, mwanangu, fundi ni nani?”

Na kulala nako kuna elimu yake. Mgeni huchagua mchanga laini karibu na maji. Mwenye dago huutafuta kwanza mstari wa mwani mkavu, ajue maji ya jana yalifika wapi, kisha anahesabu mwezi: kama bamvua linakaribia, huo mstari haumwambii kitu, maji yatapanda zaidi, naye anaivuta ngalawa hadi chini ya mivinje. Moto wake ni wa makumbi na vifuu. Samaki anaobakiza huwapasua, akawatia chumvi na kuwaanika. Hao ng’onda ndio fedha zake, huwabadilisha kwa unga kijiji chochote atakachotia nanga. Alfajiri, umande ukivuma kutoka bara, ameshaondoka.

Wakojani wa Pemba ndio mabingwa wa dago, ingawa wao huenda kwa makundi, na msimu wa kaskazi utawakuta mbali na kwao, Kenya huko na Mafia. Zamani zaidi pwani hii ilikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi na kuvaa matanga ya mkeka, visivyohitaji msumari hata mmoja. Mtepe umekwisha. Hatukuulilia sana.

Siku hizi dago ni boti ya faiba, mashine, sanduku la barafu na katoni ya maji ya chupa. Chupa zenyewe hubaki kisiwani, wanaozirithi ni kaa. Simkatazi mtu mashine, bahari haimwonei huruma mwenye tanga. Lakini ifanyeni hesabu. Kijana anaanza safari akidaiwa petroli na barafu, kwa hiyo hana ruhusa ya kurudi mtupu. Upepo mbaya au mzuri, atatoka, na atavua hata visamaki vidogo ambavyo babu yake angevirudisha. Mzee wa tanga akikosa samaki amekosa samaki tu. Hakuna anayemngoja ufukweni na daftari. Huo uhuru tumeuita umaskini, tukawahimiza watoto waukimbie.

Mbao za vyombo vikuukuu sasa zina soko: hufanywa viti na meza za hoteli. Kwa hiyo wewe ambaye babu yako bado anajua kubisha na kushona tanga, mwombe akupakie kaskazi hii, kabla ngalawa yake haijauzwa.