Manowari Captain: meli iliyouawa na hesabu iliyochelewa

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, manowari 11 za Uingereza zilikuwa zikisafiri pamoja karibu na Rasi ya Finisterre, kaskazini magharibi mwa Hispania. Kulipopambazuka zilionekana 10. Iliyokosekana ilikuwa Captain, meli mpya ya deraya ambayo haikuwa imetimiza hata miezi mitano ya kazi. Haikupigwa mzinga wala kugonga mwamba. Ilipinduliwa na upepo ambao wenzake wote waliustahimili. Watu karibu 480 walikufa, na 18 tu wakaokoka.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama bahati mbaya ya baharini. Mimi sikubali. Ukifuata hatua za usanifu wake moja baada ya nyingine, utaona kwamba Captain ilikuwa na hitilafu inayoweza kupimwa na kuandikwa kwa tarakimu, na kwamba walikuwepo watu waliokuwa na uwezo wa kuiona. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuizuia isitoke bandarini.

Dawa iliyokuwa ikitafutwa

Manowari za mwanzo za deraya, kama Gloire ya Ufaransa iliyoshushwa majini mwaka 1859 na Warrior ya Uingereza ya mwaka 1860, zilipanga mizinga ubavuni kwa safu, kama manowari za mbao zilizozitangulia. Lakini kadiri deraya ilivyozidi unene, ndivyo mizinga ilivyolazimika kuwa mikubwa zaidi ili iweze kuitoboa. Mzinga mmoja ukifika tani 25, huwezi kuweka safu ndefu yake kila upande. Utakuwa na michache tu, na hiyo michache sharti iweze kugeuzwa kulia na kushoto.

Ofisa wa jeshi la majini, Cowper Phipps Coles, aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1855, wakati wa Vita vya Crimea, alitengeneza chelezo kilichobeba mzinga mmoja na kuutumia katika Bahari ya Azov. Baadaye akabuni mnara mfupi wa chuma unaozunguka juu ya magurudumu, mizinga ikiwa ndani. Mnara mmoja ungeweza kupiga pande zote mbili, na deraya nene ingehitajika mahali padogo tu. Mwezi Machi 1862, meli ya Marekani iitwayo Monitor ilipopambana na manowari Virginia huko Hampton Roads, ulimwengu mzima uliona kwamba mnara wa mizinga unafanya kazi.

Monitor, hata hivyo, ilikuwa meli ya pwani isiyo na tanga. Uingereza ilihitaji manowari za kuvuka bahari kuu, na injini za wakati ule zilikula makaa mengi kuliko meli ilivyoweza kubeba kwa safari ndefu. Kwa hiyo matanga yalikuwa ya lazima. Hapo ndipo mgongano ulipozaliwa. Mnara wa mizinga unataka sitaha iliyo wazi na ubavu mfupi, ili uzito wake usiwe juu sana na mizinga isizuiwe na kitu. Matanga yanataka milingoti mirefu, kamba tele na ubavu mrefu unaoinuka juu ya maji, kwa sababu meli ya matanga husafiri ikiwa imelala upande.

Majibu mawili

Msanifu mkuu wa jeshi la majini, Edward James Reed, alijibu kwa meli iitwayo Monarch. Aliipa minara miwili ya mizinga na matanga kamili, lakini akauacha ubavu wake usimame takriban meta 4.3 juu ya maji. Coles hakuridhika. Kwake yeye, ubavu mrefu uliharibu faida yote ya mnara: shabaha kubwa kwa adui, na mizinga iliyo juu mno. Alilalamika magazetini, akapata watetezi bungeni, na mwaka 1866 wakubwa wa jeshi la majini wakampa ruhusa isiyo ya kawaida: ajenge meli kwa mawazo yake mwenyewe katika karakana anayoitaka. Akaichagua karakana ya Laird Brothers, Birkenhead, karibu na Liverpool.

Mkuku uliwekwa Januari 1867 na meli ikashushwa majini Machi 1869. Ilikuwa na urefu wa meta 97 hivi na upana wa meta 16. Kila mnara ulibeba mizinga miwili ya inchi 12. Kwa mvuke ilikwenda zaidi ya maili 15 za baharini kwa saa, mwendo mzuri sana kwa wakati huo. Ubavu wake ulipangwa kusimama meta 2.4 tu juu ya maji.

Tazama jinsi Coles alivyotatua tatizo la kamba. Kwa kawaida mlingoti hushikiliwa na kamba nyingi zinazoshuka hadi kwenye kingo za meli, na kamba hizo zingezuia mizinga. Akaiondoa milingoti ya kawaida, akaweka milingoti ya chuma yenye miguu mitatu inayojisimamisha yenyewe. Kwa kuwa sitaha kuu ilikuwa karibu na maji, alijenga sitaha nyembamba ya juu, kama daraja kutoka omo hadi tezi, ili mabaharia wafanyie kazi za matanga huko bila kukanyaga minara. Ni ubunifu wa hali ya juu, na kila kipande kina sababu yake. Lakini kila kipande kiliongeza uzito juu, na sitaha ile ya daraja ilikuwa pia eneo jingine la kukamatwa na upepo meli inapolala. Isitoshe, mlingoti wa kawaida ukizidiwa huvunjika, na kwa kuvunjika huipunguzia meli mzigo. Milingoti ya Captain haikujengwa ivunjike kwa urahisi.

Tani zilizojipenyeza

Kosa la kwanza linaloweza kupimwa lilikuwa la uzito. Katika ujenzi wa meli, kila bamba, kila ribiti na kila nanga hutakiwa kupimwa na kuandikwa kabla ya kuingizwa ndani. Birkenhead udhibiti huo ulilegea, na Coles mwenyewe aliugua katika sehemu ya kipindi cha ujenzi. Meli ilipokamilika, ilikuwa imezidi uzito uliopangwa kwa zaidi ya tani 700.

Kwa meli yenye ubavu mrefu, kuzama sentimeta 40 zaidi ni hasara inayovumilika. Kwa Captain lilikuwa jambo la kufa na kupona. Ubavu uliopangwa kuwa meta 2.4 ukabaki takriban meta 2. Karibu moja ya sita ya kinga yote ya meli ilikuwa imeliwa na uzito ambao hakuna aliyeuagiza.

Uthabiti unaodanganya

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na panahitaji subira kidogo.

Meli ikiinama, upande ulioshuka huzamisha sehemu kubwa zaidi ya mwili wake, na maji ya upande huo huisukuma juu kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ndiyo inayoirudisha meli wima, na huongezeka kadiri meli inavyoinama, mradi tu ubavu wenyewe bado uko juu ya maji. Ukingo wa sitaha ukishazama, hakuna tena ubavu mpya wa kuingia majini. Nguvu ya kurudisha huongezeka kidogo, hufika kilele, kisha hushuka hadi ikaisha kabisa.

Kwa Captain, ukingo wa sitaha ulizama meli ikiinama nyuzi 14 hivi. Nguvu yake ya kurudi ilifika kilele kwenye nyuzi 21, na ikaisha kwenye nyuzi 54 hivi. Kwa Monarch, ukingo ulizama kwenye nyuzi 28, kilele kikawa kwenye nyuzi 40, na nguvu ikaisha karibu na nyuzi 70.

Sasa angalia mtego ulipo. Katika mwinamo mdogo, meli hizi mbili zilikuwa karibu sawa. Captain ilitulia vizuri mawimbini, haikuyumba ovyo, na maofisa waliosafiri nayo Mei 1870 waliisifu. Walisema kweli kuhusu walichokiona. Lakini utulivu katika nyuzi kumi za kwanza hausemi lolote kuhusu nyuzi ya ishirini na tano. Captain ilikuwa kama mtu mwenye miguu imara aliyesimama ukingoni mwa baraza: anasukumwa na hatetereki, kumbe nyuma yake imebaki nusu hatua.

Mafundi wa Laird wenyewe waliingiwa na wasiwasi, wakaomba meli ipimwe. Jaribio la kuinamisha meli kwa makusudi ili kutafuta kitovu cha uzito wake lilifanyika Portsmouth mwishoni mwa Julai 1870. Jaribio hilo huzaa namba, na namba huhitaji siku nyingi za mahesabu. Meli haikusubiri. Iliondoka na kikosi chake mwezi Agosti.

Saa za mwisho

Alasiri ya tarehe 6 Septemba, Admirali Alexander Milne alipanda Captain kuikagua. Upepo ulikuwa wa wastani, na tayari maji yalikuwa yakipita juu ya sitaha upande wa demani. Milne alisema wazi kwamba hajazoea kuona jambo la namna hiyo. Jioni alirudi kwenye meli yake. Coles alibaki, kwa kuwa alisafiri na meli yake ili aone inavyofanya kazi.

Usiku upepo wa kusini magharibi ukageuka tufani. Baada ya saa sita za usiku, nahodha Hugh Burgoyne aliuliza meli imelala kiasi gani, akajibiwa: nyuzi 18. Linganisha jibu hilo na kilele cha nyuzi 21. Zilibaki nyuzi tatu. Burgoyne aliamuru jarari zilegezwe ili matanga ya juu yashuke, lakini meli ilikuwa imelala kiasi kwamba kazi hiyo haikuwezekana kwa haraka. Dhoruba kali ikapiga, wimbi likainua upande wa joshi, na Captain ikaendelea kulala bila kurudi.

Ofisa wa mizinga, James May, alikuwa ameingia kwenye mnara wa nyuma kukagua kama mizinga imefungwa sawasawa. Alipohisi sakafu ikisimama kama ukuta, alitoka kupitia tundu la juu la kulengea shabaha na kujikuta majini. Yeye na wenzake wachache walifika kwenye mashua na kupiga makasia hadi pwani ya Finisterre. Waliokuwa chini ya sitaha hawakupata nafasi ya kutoka. Burgoyne alikufa. Coles alikufa. Alikufa pia kijana wa Hugh Childers, waziri wa jeshi la majini; waziri huyo alikuwa amemhamishia mwanawe Captain kutoka Monarch kuonyesha kwamba ana imani na meli hiyo.

Monarch ilikuwa katika kikosi kile kile, usiku ule ule, katika bahari ile ile. Ilifika salama, na miaka 12 baadaye ikashiriki kuupiga mji wa Alexandria kwa mizinga.

Nani alipaswa kusema hapana

Mahakama ya kijeshi iliyokaa Portsmouth iliamua kwamba meli ilipinduliwa na shinikizo la matanga likisaidiwa na mawimbi, na kwamba haikuwa na uthabiti wa kutosha. Ikaongeza jambo zito zaidi: Captain ilijengwa kuitikia matakwa ya umma yaliyosikika bungeni na kwingineko, kinyume cha maoni ya mkuu wa idara ya ujenzi, Spencer Robinson, na wataalamu wake.

Uamuzi huo ni sahihi, lakini haujamaliza kila kitu. Reed na Robinson walionyesha mashaka tangu mwanzo, hasa juu ya uzito na matanga mengi kwenye ubavu mfupi. Lakini hawakuikataa michoro. Ilikubaliwa tu kwamba wajibu wote utabebwa na Coles na Laird. Makubaliano hayo yaliwaepusha na lawama, hayakuwaepusha mabaharia na kifo. Mtaalamu akisema "sikuidhinisha" bila kusema "msiende", meli bado itaondoka.

Baada ya msiba ule, kamati ya wataalamu ilikaa mwaka 1871 kuchunguza usanifu wa manowari, na mjadala wa matanga juu ya minara ya mizinga ukapoteza nguvu. Devastation, iliyosanifiwa na Reed na kuanza kazi mwaka 1873, ilikuwa na minara miwili bila tanga hata moja. Mchoro wa nguvu ya kurudi kwa kila nyuzi ukawa sehemu ya lazima ya kazi ya msanifu. Leo meli ya abiria huinamishwa na kufanyiwa mahesabu kabla haijapewa cheti. Hesabu hiyo ndiyo inayomlinda anayevuka Ziwa Victoria au anayekwenda Unguja, ilimradi anayesimamia bandari aiheshimu.

Hukumu yangu ni hii. Coles alikuwa sahihi kuhusu mnara wa mizinga, na historia imempa haki yake. Alikosea kuhusu ubavu, akakosea zaidi kudhani kwamba kushinda mjadala magazetini ni kushinda hesabu. Na wewe mkaguzi, mhandisi au nahodha unayesoma haya: namba zikiwa hazijatoka, chombo kisitoke.