Jumba Lililojengwa kwa Kalamu

Wenzangu wa kalamu, nyie mnaoota kuandika mpate mali, sikieni habari za Abbotsford, jumba lililo kusini mwa Uskoti kando ya mto Tweed. Aliyelijenga ni Sir Walter Scott, mtunzi wa Waverley (1814) na Ivanhoe.

Mwaka 1811 Scott alinunua shamba la kawaida tu, ambalo watu walilipa jina la utani la matope. Kufikia 1824 pakawa pamesimama jumba la minara, utadhani ngome ya mababu. Ukale wenyewe wa kutunga, bwana! Mlango wa jela ya zamani ya Edinburgh kaupachika ukutani, bunduki ya Rob Roy kaitundika, halafu humohumo kaweka taa za gesi. Mimi naliita riwaya ya mawe, na kasoro yake ndiyo ya riwaya zake nyingi: vikorokoro vya kale vinajaa mpaka mtu anakosa pa kupita. Jaribu sura za mwanzo za Waverley uone hadithi inavyochelewa kuanza.

Pesa je? Scott alikuwa mbia wa siri katika kiwanda cha kupiga chapa cha Ballantyne, na mchapishaji wake, Constable, alimlipa hata kwa vitabu ambavyo havijaandikwa. Mwaka 1826 vyote viwili vikaanguka. Scott akabaki na deni la zaidi ya pauni 120,000. Alikataa kufilisiwa, akasema atalipa kwa kuandika. Alifia humohumo Abbotsford mwaka 1832, na deni likaja kumalizwa na vitabu vyake baada ya kifo.

Wengi humsifu kwa hilo, na ni haki yake. Lakini mhakiki lazima aulize: kazi zenyewe zikoje? Count Robert of Paris (1831), iliyoandikwa mwili ukiwa umeshapigwa na kiharusi, inachechemea waziwazi. Deni lililipwa, riwaya ikaumia.

Ila kuna kitabu kimoja cha miaka hiyohiyo ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya kulipa mtu: shajara aliyoianza Novemba 1825. Humo hamna minara wala ngao. Kuna hofu, mahesabu, uchovu, na kifo cha mkewe Charlotte mwezi Mei 1826, vyote kwa maneno mepesi ya mtu anayejisemea mwenyewe. Nathubutu kusema hiyo ndiyo nathari yake bora kuliko zote, na ilichapishwa kama kitabu 1890, yeye hayupo zamani.

Wazao wake waliishi Abbotsford hadi 2004. Sasa linatunzwa na wakfu. Wageni wamekuwa wakiingia tangu 1833, wakishangaa mapanga. Sawa, washangae. Wewe kijana unayetaka kuandika anza na shajara, na siku ukiletewa hela ya kitabu ambacho hujakiandika, mkumbuke Scott kabla hujatia sahihi.