Jessica, Jesca na Baba Jesca

Mpe mwanafunzi wa fasihi tamthilia yoyote, jambo la kwanza atakalolikimbilia ni majina ya wahusika. Ana haki yake. Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) alipomwita Regina, yaani malkia, mama anayepigwa na mumewe, kejeli ile aliitia mwenyewe na hatuna budi kuisoma. Lakini ugonjwa umeingia: tunafungua kamusi ya majina, tunachota maana, tunamvisha mhusika kama shati, basi, uhakiki umekwisha! Mimi naona jina lina maana ya kamusi na maana ya vinywani mwa watu, na mara nyingi hii ya pili ndiyo inayofanya kazi.

Chukua Jessica. Umbo hili la jina linaonekana kwa mara ya kwanza katika tamthilia ya Shakespeare iliyoandikwa kati ya 1596 na 1598, ile ambayo Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wengi hulihusisha na Iska wa Mwanzo 11:29, nalo Iska hufasiriwa kuwa ni 'atazamaye'. Hapo mhakiki wa kamusi anaruka kwa furaha: si Shylock alimkataza bintiye kuchungulia dirishani? Na si mtumishi Launcelot aliyemnong'oneza achungulie? Tamu kweli, sikatai. Ila hakuna mtu ndani ya tamthilia anayeitaja maana hiyo, na jengo lote limesimama juu ya makisio.

Sasa twende mitaani. Kwa karne nyingi Jessica lilikuwa jina la wachache, kisha Marekani likashika nafasi ya kwanza miongoni mwa majina ya watoto wa kike, 1985 hadi 1990, na tena 1993 hadi 1995. Sidhani kama wazazi wale walikuwa wanamuwaza binti aliyemwibia babake dhahabu. Walipenda mlio wake tu. Kwetu Tanzania tumelikata likawa Jesca, tena tukalipa kazi ambayo Kiingereza hakilipi. Akishazaliwa kifungua mimba, mama ni Mama Jesca, baba ni Baba Jesca, mpaka kaburini. Wapo majirani niliowaamkia miaka na miaka bila kujua majina waliyopewa na wazazi wao.

Hebu basi mwite Shylock "Baba Jesca" uone. Venisi inamwita Myahudi, tena usoni pake, hata mahakamani. Binti anatoroka usiku na Lorenzo, kavaa kiume, kachukua kasha la mali; mji unacheka, tunasimuliwa mzee anavyomlilia mtoto na fedha kwa pumzi moja, na sisi darasani tunacheka pia: bepari huyo! Mtaani kwetu asubuhi yake angeamkiwa vilevile. Habari za asubuhi, Baba Jesca? Shikamoo, Baba Jesca. Muuza maziwa, mdeni wake, mtoto wa jirani. Kila salamu ingemtonesha, na kuitikia ni lazima.

Na Mama Jesca je? Yeye ni Leah, anayetajwa mara moja tu, kwa sababu ya pete aliyompa Shylock kabla hawajaoana. Pete hiyo, tunaambiwa, binti kaibadilisha kwa kima. Kwa mazoea yetu mama huyu asingefutika kirahisi hivyo, maana jina la mtoto lingekuwa lake pia. Najua akina dada wa semina yetu watasema desturi hiyohiyo ndiyo inayowafuta wanawake majina yao. Hoja nzito, mmoja wao na aiandike toleo lijalo.

Wakati huohuo, kama kuna kikundi kinachofikiria kuiweka tamthilia hii jukwaani, nawaomba wajaribu kitu kimoja: Shylock anapotoka mahakamani, hajisikii vizuri, ameshanyang'anywa kila kitu, apishane mlangoni na mtoto mdogo wa mtaani amsalimie kwa jina hilo.