Vijiwe vya Katikati

Ukitoka Magunga, ukaviacha vilima vya Gwassi na kuvuka mpaka wa kaunti kuingia Migori, utafika kwenye kilima chenye mawe mengi kana kwamba yamemwagwa kutoka guniani. Hapo ndipo ilipo Thimlich Ohinga. Kwa Kidholuo, ohinga ni boma la kujikinga, na thimlich ni msitu mzito wa kutisha. Msitu umepungua. Kuta zipo, tangu karne ya 16 hivi.

Zitazame kwa karibu, pua ikaribie kugusa jiwe. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kugandisha, wala jiwe lililochongwa. Fundi aliyaokota jinsi yalivyo, haya yana nundu, yale yamemeguka pembe, akayapanga hadi mita 1.5, kwingine mita 4.5. Unene ni kama mita 1, na ndani ya unene huo ndimo ulimo ufundi wenyewe. Uso wa nje hupangwa peke yake na wa ndani peke yake, kisha pengo la kati hujazwa vijiwe vinavyozifunga nyuso zote mbili. Unaweza kuupiga picha ukuta huu mchana kutwa usivione. Fundi wa leo akikosea, saruji humsitiri. Yule wa kale hakuwa na cha kumsitiri.

Malango ni mafupi, juu yake yamelazwa mawe marefu kama linta. Mgeni huinama akicheka. Mwizi wa ng'ombe alilazimika kutanguliza kichwa.

Ndani kuna maboma manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, ikaziba palipobomoka, na hivyo hivyo hadi karne ya 20. Kwa hiyo ukuta mmoja una mikono ya watu ambao hawakuwahi kuonana.

Kusini mwa Ufaransa, huko Banyuls, wakulima wa mizabibu huzuia udongo wa miteremko yao kwa kuta kavu kama hizi. Mwaka 2018 UNESCO iliiorodhesha Thimlich Ohinga kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo ikauorodhesha pia ufundi wa kuta kavu wa nchi nane za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Kwao ziliandikwa sifa za mikono, kwetu za mawe. Mimi ningependa mikono yetu pia iandikwe, maana mizizi ya miti huzisukuma kuta hizi, na jiwe likianguka halijirudishi.

Niliwahi kujaribu nyumbani, ukuta wa kufika magotini tu. Nilichagua mawe mazuri, nikayageuzageuza hadi kila moja likakaa. Mvua ya kwanza ya Machi ikauangusha. Katikati nilikuwa nimejaza udongo.