Dokezo na Imani katika Mzimu wa Watu wa Kale

Wahakiki wanaoiweka riwaya ya upelelezi katika kapu la fasihi pendwa, kisha wakalifunika, hawajamtendea haki Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) jina la kitabu lenyewe ni dokezo la kupotosha. Maiti ya Bwana Ali inapatikana mzimuni, na msomaji aliyelelewa katika imani hizo hushuku mizimu kabla ya kumshuku binadamu. Hapa ndipo Najum anapofaa: huyaona yale yale ayaonayo Bwana Msa, ila hayafasiri, na kila anapopotoka msomaji yu pamoja naye. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, taharuki hutokana zaidi na hofu na mbio kuliko vidokezo. Abdulla, bila shaka, ana deni kwa Conan Doyle. Kiko cha Msa chatosha kuwa ushahidi. Lakini mbwa wa The Hound of the Baskervilles (1902) ni laana ya ukoo mmoja, ilhali mzimu huu ni imani iliyoenea miongoni mwa wasomaji wenyewe, nao ndio wanaohojiwa.