Kijiti peke yake hakiponyi mtu

Wandugu, siku hizi watu wanasifu sana njia hii ya kupima kansa ya shingo ya kizazi: mwanamke anapewa kijiti chenye pamba, anajifungia mu chumba, anajichukulia sampuli yeye mwenyewe. Hakuna munganga wa kumuangalia, haya inapunguka. Na mimi ninaisifu. Ila tunasifu nusu tu.

Sampuli ile inatafuta HPV, kirusi chenye kuleta karibu kansa zote za aina hii. Faida ilionekana Kisenyi, mtaa wa Kampala. Wanawake walipofuatwa nyumbani ao kazini, karibu wote walikubali kijiti. Wale walioitwa kupimwa ku kliniki, hata nusu hawakufika.

Lakini tuangalie Migori, Kenya. Kule walipeleka kipimo mpaka ku vijiji na wamama wakaja wengi. Kisha, kati ya wale waliopatikana na kirusi, hata nusu hawakupata matibabu. Njo hapa shida iko.

Sisi watu wa kilimo tunajua jambo hili. Ukimwambia mkulima wa Katanga udongo wake una asidi, na chokaa hana, umemuachia nini? Karatasi tu. Mama wa Ruashi akiambiwa ana HPV bila kuonyeshwa pa kwenda, anabaki na woga, pengine na ugomvi mu nyumba. Tena HPV si kansa: mara nyingi inaisha yenyewe, na vidonda vya mwanzo vinaweza kuchomwa kwa joto siku moja, mama akarudi kwake.

Basi mradi ukifika Katuba ao Kampemba, tusiulize tu "mumegawa vijiti ngapi?" Sampuli itasomwa wapi? GeneXpert, mashini ile ya kifua kikuu, inasoma HPV kwa karibu saa moja, lakini kuran ikikatika? Nani ataleta majibu kwa siri? Matibabu ni franga ngapi, na transport?

OMS inataka mpaka 2030 wanawake 70% wawe wamepimwa na 90% ya wale watakaopatikana na ugonjwa watibiwe. Namba hizi mbili zinatembea pamoja. Mwenye kuandika mradi aanzie mwisho: atafute kwanza pa kutibia, kisha anunue vijiti.

Mu kartie yenu, mama akipatikana na HPV kesho, mutamuelekeza wapi?