Nyimbo za Zamani Katika Mwendo wa Disko

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa muziki wa disko ulikuwa makelele matupu, na ya kuwa kila wimbo mzuri uliotiwa ndani yake uliharibika. Mimi nami nalidhani vivyo hivyo, mpaka nilipoketi kuzisikiliza santuri zenyewe.

Muziki huu ulikua Marekani katika miaka ya 1970, hasa katika nyumba za dansi za New York. Alama yake ni ngoma kubwa ipigwayo mapigo manne sawasawa, pasipo kupumzika, ili wachezaji wasipoteze hatua. Waimbaji wengi walitwaa nyimbo zilizokwisha kujulikana wakazitia mwendo huo. Nyingine zilivuma sana. Nyingine zimesahauliwa, na baadhi ya hizo hazikustahili kusahauliwa.

Twaa wimbo uitwao “What a Diff’rence a Day Makes.” Asili yake ni wa Kihispania, uliotungwa na María Grever, mwanamke wa Mexico, katika mwaka 1934. Mwaka 1959 Dinah Washington aliuimba kwa Kiingereza, polepole, na fidla nyingi nyuma yake, na hata leo ukitajwa wimbo huo watu humtaja yeye. Lakini mwaka 1975 Esther Phillips aliuimba kwa disko, na santuri yake ikafika nafasi ya 6 katika Uingereza. Siku hizi ni wachache waikumbukao.

Maana ya wimbo ni furaha iliyokuja kwa siku moja tu na kugeuza kila kitu. Dinah huimba kama mtu aliyekwisha kuketi na furaha yake akastarehe. Esther sivyo. Sauti yake ni nyembamba na kali, ina uchungu kidogo, na ile ngoma yamkimbiza, hata wamsikia kama mtu asiyesadiki bado ya kuwa mambo yamegeuka kweli. Esther alianza kuwa mashuhuri mwaka 1950 akiwa msichana mdogo, kisha akateswa miaka mingi na madawa ya kulevya, akafa mwaka 1984. Simaanishi ya kuwa taabu humfanya mtu mwimbaji. Nasema tu ya kuwa haraka ile yapatana na maneno kuliko utulivu, maana siku moja ni muda mfupi.

Grace Jones, mzaliwa wa Jamaica, alifanya jambo jingine mwaka 1977 katika “La Vie en rose,” wimbo wa Edith Piaf wa Ufaransa. Yeye hakuuharakisha sana; aliuacha utembee kwa gitaa na ngoma laini kwa zaidi ya dakika saba, na sauti yake nzito haina haja ya kumwiga Piaf.

Lakini nisiwe mtetezi kipofu. Mwaka 1979 Ethel Merman, mwimbaji wa michezo ya kuigiza, aliyekuwa amepita miaka 70, alitoa santuri ya nyimbo zake za kale katika disko. Mwimbaji yu pale, ngoma iko pale, wala hawakukutana. Hapo wakosoaji wana haki.

Ila hawakuchagua. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park huko Chicago, kati ya michezo miwili ya besiboli, rundo la santuri za disko lililipuliwa kwa baruti mbele ya maelfu ya watu. Watu wakauvamia uwanja, hata mchezo wa pili haukuweza kuchezwa. Njema na mbaya ziliungua pamoja, na wengi wameona ya kuwa chuki ile iliwagusa hasa waimbaji weusi.

Mwalimu mwenzangu niliyempigia santuri zile mbili, ya Dinah na ya Esther, asema Dinah bado ni mkubwa. Hatujapatana, lakini ile ya Esther ameiazima tangu mwezi uliopita, wala hajairudisha.